Usoni afande, mgongoni njagu

Juzi Kariakoo, Mtaa wa Kongo, nilikuwa nimeinama nachagua soksi kwenye turubai la kijana mmoja, mara sauti ikapasuka upande wa Msimbazi: "Mgambo!" Kijana hakuinua hata kichwa. Turubai lake lina kamba kwenye pembe zote nne, na kamba zinakutana katikati. Akavuta mara moja, bidhaa zote zikawa furushi, furushi likapanda begani, akapotelea uchochoroni. Nikabaki nimesimama na jozi mkononi, nikimsubiri arudi nimlipe.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na kwa miaka mingi nimekusanya maneno ya mitaani. Ukelele ule ulinigusa. Kabla ya kuwa jina la askari wa akiba, mgambo ulikuwa wito wa hadhara: pembe inapulizwa, watu wanakuja kusikiliza tangazo. Ndiyo asili ya kusema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Pale Kongo pembe haipo, mbiu bado inalia, ila watu badala ya kukusanyika wanatawanyika.

Majina mengi ya walinzi wa sheria yamekaa hivyo. Kilichozaa jina kimeondoka, jina limebaki. Askari kanzu, kwa mfano, ni mpelelezi asiyevaa sare. Jina lilizaliwa wakati mwanamume wa kawaida wa pwani huku alivaa kanzu, kwa hiyo aliyetaka asijulikane alivaa kanzu. Leo anavaa jinzi na fulana ya Simba au Yanga, na bado ni askari kanzu. Vivyo hivyo difenda: lilikuwa gari la Land Rover la aina moja tu, sasa hata Land Cruiser ya doria ikikata kona, vijana wa kijiweni wanaambizana difenda hiyo.

Ninalolipenda kuliko yote ni afande. Mwaka 1889 Mjerumani Hermann von Wissmann alichukua askari wa Kisudani kutoka Misri, akaja nao kuzima vita vya Abushiri. Misri ilikuwa na desturi za kijeshi za Kituruki, na ofisa huko aliitwa efendi. Waturuki nao walilitoa kwa Wagiriki, kwenye neno authentes, mwenye mamlaka. Katika jeshi la Wajerumani hapa kwetu, efendi kikawa cheo cha juu kabisa ambacho askari Mwafrika angeweza kukifikia. Hebu fikiria safari hiyo, halafu msikilize dereva wa bodaboda aliyesimamishwa na trafiki mwenye sare nyeupe: "Shikamoo afande, samahani afande." Cheo cha wachache kimekuwa heshima ya kila mwenye sare, hata aliyetoka depo Moshi wiki iliyopita.

Ukipita Samora, tazama Sanamu la Askari, lililozinduliwa mwaka 1927, singe imeelekea bandarini. Yule ni askari wa vita, si polisi. Kiarabu kilichotupa neno hilo kilimaanisha mwanajeshi. Na hapo aliposimama, hadi mwaka 1916 palikuwa na sanamu ya Wissmann mwenyewe.

Mtaa nao hutunga. Kikosi cha kutuliza ghasia kina herufi tatu za Kiingereza, FFU, yaani Field Force Unit, watu wakazisoma Fanya Fujo Uone. Sarufi yake ni safi: amri, nomino, kisha "uone", kitenzi ambacho mama akikitamka jikoni, mtoto anaacha utundu papo hapo.

Njagu na ndata, yote mawili yakiwa na maana ya polisi, ni za kijiweni. Wingi husikika manjagu, na hiyo ma- peke yake si dharau, maana tunasema pia madaktari na makarani. Dharau hukaa kwenye kivumishi cha kuonyesha. "Njagu yule" ni mtu. "Njagu lile" limeshatolewa utu, na nimewasikia vijana wakibadilisha kutoka la kwanza kwenda la pili katika sentensi moja, mara tu difenda ilipokwisha kupita.