Mwalimu, huo si ujeuri

Nikienda skuli za huku Pemba kwa kazi ya chanjo, walimu hunivuta pembeni kuniuliza kuhusu vijana. Maswali ni yale yale.

Kijana "kujitambua" ndiyo nini?
Ni kutafuta yeye ni nani: anaamini nini, anaweza nini, ni mtu wa nani. Mtaalamu Erik Erikson aliiona kuwa ndiyo kazi kubwa ya umri huo. Leo anataka udaktari, kesho ubaharia. Kubadilika huko hakuhitaji dawa.

Darasa limejaa. Nimsaidieje?
Mjue kwa jina. Mpe jukumu liwe lake: mdahalo, bustani, kuongoza wenzake. Akikosea, mwite faragha. Usimpachike jina mbele ya darasa, "mzito", "muhuni", "jike dume". Nahudumia watu wazima ambao bado wanalia kwa jina walilopewa darasa la sita.

Na bakora?
Haisaidii. Swali jengine.

Amejitenga, halali, masomo yameporomoka. Si balehe tu, itapita?
Hapana. Kununa siku mbili ni balehe. Wiki mbili mfululizo, hacheki, hali, michezo aliyoipenda ameiacha: huo ni ugonjwa mpaka mhudumu wa afya aseme sivyo. Maradhi mengi ya akili huanza utotoni au ujanani, na nyinyi ndio mnaowaona vijana hawa kila siku. Huletwa kwangu baada ya muhula mzima, na barua imeandikwa "jeuri".

Amesema anatamani kufa. Anataka kuonwa tu?
Hapana! Hata kama anataka kuonwa, muone. Leo.

Nikimuuliza, sitamtia wazo?
Hapana, narudia, hapana. Kumuuliza, "Mwanangu, unafikiria kujiua?" hakumtii wazo; humpunguzia mzigo. Kinachoua ni kunyamaza tukiogopa aibu.

Wazazi wanasema ni shetani, wampeleke kwa mganga kwanza.
Dua isomwe, kombe (maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa) anywe, sina ugomvi. Hilo "kwanza" ndilo nisilolitaka. Hospitali siku hiyo hiyo, iwe Wete, Chake Chake, Micheweni au Abdalla Mzee kule Mkoani. Asiachwe peke yake, wala asipewe barua aibebe mwenyewe. Mwalimu apande naye gari mpaka mlangoni.