Betri ya nyumbani inajilipa? Tuanze na bei ya uniti

Swali ninaloletewa mara nyingi na Waswahili wenzangu tulio nao huku Uingereza ni hili: "Fundi, hii betri ya kufunga ukutani, bila sola, kweli itanipunguzia bili?" Nami huwajibu kwa kuuliza: uniti moja unailipia peni ngapi saa kumi na moja jioni, na peni ngapi saa nane usiku? Asiyejua hilo, asitoe pesa kwanza. Betri haizalishi hata uniti moja. Inanunua umeme wakati wa bei ya chini na kukupa wakati wa bei ya juu, basi. Ni kama mtu anayeweka mahindi ghalani tangu mavuno: tofauti ya bei ndiyo faida yake, na dumuzi nao wana fungu lao.

Umeme wa gridi huzalishwa papo hapo unapotumika. Huku kilele ni kati ya saa kumi jioni na saa moja usiku. Watoto wametoka shule, oveni zimewaka, maofisini bado kuna watu, na Desemba giza linaingia saa kumi hiyohiyo. Mitambo ya gesi huongezwa kwa ajili ya masaa hayo machache, na nyaya na transfoma hujengwa kwa ukubwa wa kuyabeba, ingawa muda mwingine wote hazifikishi mzigo huo. Ikifika saa nane usiku upepo wa baharini unazungusha mitambo na hakuna wa kuutumia umeme wake. Soko la jumla linaijua tofauti hiyo vizuri, kwa maana hupanga bei kwa kila nusu saa, vipindi 48 kwa siku.

Kuhamisha umeme wa usiku si jambo geni hapa. Mpango wa Economy 7 ulianza mwaka 1978: masaa saba ya usiku kwa bei nafuu, na ndani ya nyumba hita zilizojaa matofali mazito. Matofali yanapashwa moto usiku, mchana kutwa yanatoa joto taratibu. Nyumba nyingi za kupanga bado zinazo, na wapangaji wengi huziwasha saa mbaya kwa sababu hakuna aliyewaelekeza. Kule Wales, kituo cha Dinorwig kinafanya kazi tangu 1984: usiku maji yanapandishwa kwenye bwawa la juu, na watu wakihitaji umeme yanaachiwa kushuka, megawati zipatazo 1,700 ndani ya sekunde chache. Kilichobadilika siku hizi ni mita janja. Kwa kuwa inarekodi matumizi kila nusu saa, kampuni inaweza kukuuzia umeme kwa bei ya saa unayoutumia.

Sasa hesabu, na hapa naomba tuende polepole, kwa sababu ndipo wauzaji wanapokimbia.

Tuseme uniti ya kawaida ni peni 25 na ya usiku ni peni 8. Betri ina uwezo wa uniti 10, na unazoweza kuzitumia ni 9, kwa kuwa haimalizwi mpaka chini. Pamoja na kazi ya fundi imekugharimu pauni 5,000. Kila uniti 100 unazoingiza zinatoka kama 88, nyingine zimepotea kama joto ndani ya betri na inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kutumika nyumbani. Kwa hiyo uniti uliyoinunua kwa peni 8 inatoka ikiwa imefika peni 9 na nukta moja.

Kisha kuna uchakavu, ambao haumo kwenye vipeperushi. Waranti za betri hizi kwa kawaida ni za miaka 10. Ukizungusha uniti 9 kila siku ya Mungu kwa miaka 10, zitapita uniti 32,850. Gawa pauni 5,000 kwa hizo, unapata peni 15 na kidogo. Jumlisha na ile 9 na nukta moja: peni 24 na nukta tatu. Na bila betri uniti ni peni 25! Umehangaika miaka kumi kwa faida ya chini ya peni moja kwa uniti.

Na hapo betri inajaa na kumalizika kila siku. Mdhibiti wa nishati huku, Ofgem, mwaka 2023 aliihesabu nyumba ya kawaida kuwa inatumia uniti 2,700 kwa mwaka, yaani saba na kitu kwa siku. Mwenye nyumba hiyo akihamisha uniti 7, anaokoa pauni 1 na peni 11 kwa siku, kama pauni 405 kwa mwaka. Pauni 5,000 zitarudi baada ya miaka 12 na zaidi. Betri za chuma na fosfeti zinaweza kufika huko, nyingi zimekadiriwa mizunguko 6,000, lakini faida yako yote imekaa upande wa pili wa waranti.

Simaanishi kwamba betri ni utapeli. Hesabu inakuwa afadhali kwa mwenye pampu ya joto, mashine ya umeme ya kupasha nyumba, anayekula uniti 20 siku ya baridi, na inabadilika kabisa kwa aliyepata betri kwa bei nzuri. Tangu Februari 2024 betri inayofungwa peke yake haitozwi VAT huku, nafuu itakayodumu hadi mwisho wa Machi 2027. Ninachokataa ni kule kuhesabu kila uniti ya nyumba kama uniti iliyookolewa na betri. Mashine ya kufulia na ya vyombo zina saa ya kutegesha. Zitegeshe zifanye kazi saa saba usiku, hiyo ni bure. Betri ihesabiwe kwa yale yasiyohamishika, kama chakula cha jioni, taa, televisheni na friji. Na ile tozo ya kila siku, unayolipa hata usipowasha taa, haiguswi na betri yoyote. Tazama pia mpango wenye usiku wa bei nafuu unakutoza kiasi gani mchana, maana mara nyingi mchana hupandishwa.

Ukiamua kufunga, ukubwa wa uniti si kitu pekee cha kutazama. Betri nyingi zinatoa kilowati 3.6 kwa wakati mmoja, kwa sababu inveta ya hadi ampea 16 inafungwa kwa taarifa tu kwa kampuni yenye nyaya za umeme za eneo lako, lakini kubwa zaidi inahitaji kibali kabla ya kazi. Birika la umeme ni kilowati 3. Weka na oveni, umeshapita, kinachozidi kinatoka gridi kwa bei ya kilele. Shawa ya umeme ya kilowati 9 ndiyo usiiote.

Jambo linalonitia kazi zaidi ni kile kibanio kidogo kinachofungwa kwenye waya mkuu karibu na mita. Ndicho kinachoiambia inveta kama umeme unaingia au unatoka. Kina mshale ubavuni. Kikifungwa kinyume, inveta inaona nyumba inayovuta umeme kama nyumba inayouza, hivyo inachaji saa kumi na moja jioni na kukaa kimya usiku. Bili inapanda, mteja anailaumu betri. Nakigeuza kibanio, dakika mbili, kazi imekwisha.

La pili ni gari la umeme. Saa tano na nusu usiku bei inashuka, gari linaanza kuchaji kwa kilowati 7. Inveta inaona mzigo mkubwa ndani ya nyumba, haijui kwamba ni gari, inamwaga betri yote humo. Asubuhi gari limejaa na betri tupu, na siku nzima unanunua kwa peni 25. Dawa yake ni kuiamuru betri ichaji ndani ya masaa yaleyale ya bei nafuu, au kuunganisha chaja ya gari upande wa gridi wa kile kibanio, ili betri isiione.

Mahali pa kuifunga: si darini, si chumba cha kulala, si njia ya kukimbilia moto ukizuka. Mwongozo wa usalama wa betri za nyumbani, PAS 63100 wa 2024, unasema hivyo na mimi sibishani nao. Gereji inafaa, ila betri hizi hazipendi kuchajiwa chini ya nyuzi sifuri.

Wengi hunifuatishia swali la nyumbani: "Sasa niipeleke moja Dar?" Kwa kukwepa saa za kilele, hapana. LUKU, mita ya kulipia kabla ya Tanzania, inakuuzia uniti kwa bei ileile asubuhi na jioni. Kinachobadilisha bei ya mtumiaji mdogo ni kuvuka uniti 75 kwa mwezi, na mwezi hauna jioni. Utaingiza uniti 10 na kutoa chini ya 9 za bei hiyohiyo. Kwa umeme unaokatika, au kwa sola inayojaza mchana, hapo ni hesabu nyingine na mara nyingi ni nzuri, ila hakikisha mfumo una swichi ya kujitenga na gridi. Bila hiyo, umeme ukikatika nayo inazima, isije ikamrudishia umeme fundi aliye juu ya nguzo.

Kenya wako hatua moja mbele. Viwanda vina nafuu ya usiku tangu Desemba 2017, kwa kuwa mvuke wa ardhini unaozalisha umeme kule Olkaria hautulii watu wanapolala na mwingine huachiwa hewani tu. Nyumba za kawaida bado hazina bei ya saa. Lakini mwaka 2023 ilitoka bei maalumu ya kuchaji vyombo vya usafiri vya umeme, shilingi 16 kwa uniti na 8 usiku kabla ya tozo nyingine, kwa hiyo kwa sasa betri inayonunua umeme wa usiku kwa nusu bei Nairobi ni ile iliyo chini ya kiti cha bodaboda.