"Zima steki, uwashe tena": dhana potofu kuhusu VLAN zisizoonana

Simu ya asubuhi ni ileile, iwe imetoka kwenye depo ya Kampemba au ofisi za katikati ya Lubumbashi: "Shefu, wahasibu hawaoni printa. Tumeshazima steki, tukaiwasha, bado." Neno linalokera hapo ni "tumeshazima". Fundi hajafika, na nusu ya ushahidi imeshafutwa.

Steki ni swichi kadhaa (vifaa vinavyounganisha kompyuta) zilizofungwa pamoja kwa kebo zikafanya kazi kama moja. VLAN ni mtandao mdogo uliotengwa ndani yake. Mifano yote hapa inafuata mpango mmoja. VLAN 10 ni ya uhasibu (192.168.10.0/24), VLAN 20 ni ya printa na seva (192.168.20.0/24), VLAN 30 ni ya kamera. Lango la kila VLAN, yaani mlango wa kutokea kwenda mitandao mingine, ni anwani inayoishia na .1, nalo limewekwa kwenye steki yenyewe. Amri ni za Cisco Catalyst. Mwenye chapa nyingine atabadilisha maneno, mantiki haibadiliki.

Dhana: kuzima na kuwasha kunatibu

Hakutibu, kunaficha. Steki ikizimwa, vinapotea vitu vitatu palepale. Cha kwanza ni kumbukumbu ya matukio: yale unayoyasoma kwa `show logging` yanakaa kwenye RAM, na humo ndimo ilimoandikwa poti ipi ilianguka saa ngapi na swichi ipi ilitoka kwenye steki. Cha pili ni jedwali la ARP (linalolinganisha IP na MAC, namba ya utambulisho ya kifaa) na lile la anwani za MAC, ambamo ungejua kama printa ilikuwa inaonekana au la. Cha tatu, na hiki ndicho kinachouma, ni mipangilio ambayo mtu aliiandika akasahau kuihifadhi.

Hicho cha tatu kina alama yake, na ukiijua huhangaiki. Catalyst nyingi hutoka kiwandani VTP (itifaki ya Cisco ya kusambaza orodha ya VLAN) ikiwa katika hali ya `server`, na katika hali hiyo VLAN yenyewe huandikwa papo hapo kwenye faili ya `vlan.dat` ndani ya flashi. Interfesi ya VLAN (inayobeba anwani ya lango), anwani yake na amri ya `ip routing` (inayopitisha trafiki kati ya VLAN) haziendi huko. Zinasubiri `copy running-config startup-config`. Basi mtu anaongeza VLAN 30 ya kamera, kila kitu kinafanya kazi wiki tatu, hahifadhi. Siku steki inapozimwa, `show vlan brief` bado inaonyesha VLAN 30, na poti ambazo mipangilio yake ilihifadhiwa zamani ziko mahali pake, lakini `show ip interface brief` haina Vlan30 kabisa. Mteja anaapa kwamba "VLAN ipo, swichi ndiyo imeharibika". Swichi ni nzima. Aliyeizima ndiye aliyeifuta interfesi.

Mbona basi mara nyingine kuzima kunasaidia? Kwa sababu kunasafisha ARP iliyopitwa na wakati, na kunarudisha poti zilizokuwa zimefungwa kwa `err-disabled`. Chanzo bado kipo. Poti iliyofungwa kwa sababu mtu amechomeka kiswichi cha mezani chini ya dawati itafungwa tena kabla ya chakula cha mchana.

Kisha kuna suala la nani anaongoza steki. Kila swichi ina kipaumbele kuanzia 1 hadi 15, na ya kiwandani ni 1. Zikilingana kwa kipaumbele, programu na mipangilio, yenye anwani ndogo zaidi ya MAC inashinda, na mara nyingi hiyo ni ile kongwe kuliko zote. Uchaguzi una dirisha lake: kwenye modeli ya Catalyst 3750 ni sekunde 20, kwenye 3850 na 9300 ni sekunde 120. Swichi inayowaka baada ya hapo haishiriki. Inaingia kama mwanachama tu, hata kama ina kipaumbele 15. Sasa fikiria kabati ambamo swichi moja iko kwenye UPS, nyingine imechomekwa kwenye multiprizi inayosubiri jenereta. Delestaji (mgao wa umeme) ikimzima kiongozi, ni kura mpya. Kiongozi wa leo anaweza asiwe wa jana.

Kwenye 3750 jambo hilo lina matokeo kwa VLAN zako. Interfesi za VLAN hutumia anwani ya MAC ya kiongozi. Kiongozi akibadilika, lango la 192.168.10.1 linabaki na IP ileile lakini MAC ni nyingine. Swichi hutangaza MAC mpya na kompyuta nyingi husikia. Vifaa vyenye ARP iliyoandikwa kwa mkono huendelea kutuma pakiti kwa MAC isiyokuwepo mpaka mtu aibadilishe, na faiwali zinazopuuza matangazo ya aina hiyo hufanya hivyo mpaka muda wa ARP uishe. Kwenye ruta za Cisco muda huo ni saa 4. Dalili yake ni nzuri kwa mwenye macho: VLAN 10 na VLAN 20 zinaonana vizuri, lakini hakuna anayetoka kwenda intaneti. Watu wanazima steki tena, kiongozi anabadilika tena, na duara linaendelea.

Tiba yake ni mistari mitatu. Kwenye 3750 ingia hali ya usanidi, andika `switch 1 priority 15`, `switch 2 priority 14`, na `stack-mac persistent timer 0` ili MAC isibadilike hata kiongozi akianguka. Kwenye 9300 amri ya kipaumbele huandikwa nje ya hali ya usanidi. Kipaumbele kipya kinaanza kazi kwenye uchaguzi ujao, si sasa hivi. Ili kujua kama MAC imeshadumishwa, soma mstari wa `Mac persistency wait time` kwenye `show switch`: ukikuta `Indefinite`, iache. Ila tahadhari moja: ukishadumisha MAC, ile swichi ya zamani usiipeleke kufanya kazi kwenye jengo lingine la mtandao huohuo, utakuwa na MAC moja sehemu mbili.

Na swichi zote za steki moja zikae kwenye UPS moja. Zote. Hili halina mjadala.

Ukilazimika kabisa kuwasha upya, basi kwanza nakili matokeo ya `show logging`, `show switch`, `show ip arp` na `show interfaces status err-disabled`, hifadhi mipangilio, halafu washa upya mwanachama mmoja tu mwenye tatizo kwa `reload slot 2`. Steki nzima haina kosa.

Dhana: ping haijibu, kwa hiyo swichi haipitishi VLAN

Hii inafuata kwa karibu. Windows ina tabia ambayo wengi hawaijui: kanuni ya faiwali yake inayoruhusu ping (ombi la kuuliza kama kifaa kipo), kwenye mtandao wa aina ya binafsi, kwa kawaida inaruhusu maombi ya subneti yake tu. Ndiyo maana kompyuta ya VLAN 20 inaijibu jirani yake wa VLAN 20 na kumnyamazia mhasibu wa VLAN 10. Pakiti imefika, mwenye nyumba ndiye hakufungua. Jaribu huduma yenyewe: `Test-NetConnection 192.168.20.40 -Port 9100` kwa printa, poti 445 kwa folda za pamoja.

Utaratibu wa kupima ni kwenda hatua kwa hatua kutoka kwa mhasibu. Anza na `ipconfig`: IP, maski, lango. Maski ya 255.255.0.0 ni mdudu mjanja. Kompyuta inadhani 192.168.20.40 iko chumba kimoja nayo, inaiita moja kwa moja bila kupitia lango, na swichi ya Cisco, ambayo kwa kawaida ina `proxy-arp`, inaijibu kwa niaba ya printa. Kila kitu kinaonekana sawa miezi mingi, hadi fundi mwangalifu anapozima `proxy-arp` na kulaumiwa yeye.

Halafu ping 192.168.10.1, kisha 192.168.20.1. Zote zikijibu, upande wa mhasibu umekwisha. Nenda kaangalie lango lililoandikwa kwenye printa, maana printa nyingi zimewekewa IP kwa mkono na sehemu ya lango ikaachwa 0.0.0.0. Lango la 192.168.20.1 lisipojibu, soma `show ip interface brief`. Interfesi ya VLAN huwa `up/up` iwapo VLAN imeundwa, interfesi haijazimwa, na walau poti moja hai inaibeba VLAN hiyo huku spanning tree (kinga dhidi ya mizunguko ya mtandao) ikiipitisha. Umeunda VLAN 30, hujachomeka kamera hata moja, wala hakuna poti nyingine inayoibeba? Itakuwa `down`, na hiyo ni haki yake.

Ukiwa kwenye swichi usipige ping tupu kwenda 192.168.20.40. Swichi itatumia anwani yake ya VLAN 20, na utakuwa umepima chumba kimoja tu. Andika `ping 192.168.20.40 source vlan 10`. Kisha `show ip arp vlan 20`: neno `Incomplete` mbele ya printa maana yake printa haijibu hata ndani ya VLAN yake. Hapo tafuta kebo au poti iliyowekwa VLAN nyingine, routing iache.

"Steki ni swichi moja, VLAN zitaonana zenyewe"

Ni swichi moja kweli, ndiyo maana kati ya wanachama wake huhitaji trunki (kiungo kinachobeba VLAN nyingi). Kuonana kwa VLAN ni jambo lingine, linataka `ip routing`. Ikiwa haijawashwa, `show ip route` haitoi jedwali la njia. Inakuambia habari za `Default gateway` na `ICMP redirect cache is empty`. Ukiona maneno hayo, umepata jibu. Kwenye 2960-S kuna hatua ya kabla yake: `sdm prefer lanbase-routing`, kisha kuwasha upya. Hapo kuwasha upya kunaruhusiwa.

"Tumeweka `ip default-gateway`, intaneti ingetoka"

Ukiwasha `ip routing`, amri hiyo haisomwi tena. Weka `ip route 0.0.0.0 0.0.0.0` ikifuatwa na anwani ya faiwali. Na faiwali nayo ijue njia ya kurudi kwenye 192.168.10.0, 20.0 na 30.0, na izifanyie NAT (kubadili anwani za ndani kuwa ya nje). Kwenda bila kurudi ndiyo habari ya kila siku.

"Tuliongeza tu VLAN 30 kwenye trunki"

Hamkuongeza. `switchport trunk allowed vlan 30` inafuta orodha yote na kuacha 30 peke yake. 10 na 20 zimekatika papo hapo. Neno `add` lina kazi: `switchport trunk allowed vlan add 30`. Thibitisha kwa `show interfaces trunk`, pande zote mbili.

"Kebo moja ya steki inatosha"

Inatosha kupeleka trafiki, kwa nusu ya uwezo wa pete, ule mduara wa kebo za steki. Ikilegea, steki inapasuka vipande viwili vyenye mipangilio ileile, na 192.168.10.1 inaishi sehemu mbili kwa wakati mmoja. `show switch stack-ports` ikionyesha `Down` popote, pete iko wazi. Zungusha skrubu za kebo hadi mwisho. Hazikuwekwa kwa urembo.

"Swichi mpya ya kubadilisha iliyokufa ni kuchomeka tu"

Ikija na toleo lingine la programu, `show switch` itaandika `Version Mismatch` au `V-Mismatch`, na poti zake hazitafanya kazi mpaka toleo lilingane. Ikija na namba ya mwanachama iliyohifadhiwa toka steki nyingine, ambayo hapa hakuna anayeitumia, tuseme 3, itabaki nayo badala ya kuwa 2. Mipangilio ya `GigabitEthernet2/0/1` na kuendelea inabaki ikiisubiri swichi ya 2 isiyokuwepo, huku poti zote za mgeni zikikaa VLAN 1. Wahasibu waliochomekwa humo hawapati anwani ya VLAN 10. Rekebisha kwa `switch 3 renumber 2`, kisha `reload slot 3`, na fanya hivyo kabla ya kuhamisha hata kebo moja ya mtumiaji.