Siringi, sikuoni

Mtu akinipungia mkono kutoka ng'ambo ya barabara, nampita kama mti. Kufika jioni, habari imezagaa mtaani: daktari siku hizi anaringa.

Nina ualbino, na kazi yangu ni kupima macho. Watu huanza na ngozi. Wapo wanaojitemea mate kifuani wasije wakazaa kama mimi, na vijana wa kijiweni wanaoniita "dili", yaani mali ya kuuza, baada ya mauaji yote ya wenzetu yaliyotokea Kanda ya Ziwa. Hayo yamesemwa sana. Macho hayasemwi, na ndiyo yanayotuponza kila siku.

Kazi ya melanini si kutia ngozi rangi tu. Mtoto akiwa tumboni, jicho nalo huihitaji ili katikati ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, pale pa kuonea vitu vidogo, pakomae. Ikipungua, pale hapakomai. Ndiyo maana mama ananiuliza, "Daktari, miwani tumemnunulia, mbona ubaoni bado haoni?" Miwani inasaidia mwanga utue panapotakiwa, lakini retina haiibadilishi. Kwa hiyo namwongezea lenzi ya kukuzia maandishi na kadarubini ka mkononi ka kusomea ubao.

Tena macho yenyewe yanachezacheza. Wengi wetu tuna upande mmoja ambao tukiangalia kwa huko, yanatulia kidogo. Mtoto hafundishwi hilo, anagundua mwenyewe: anainamisha kichwa, anapinda shingo, anasoma. "Wewe, kaa vizuri!" Akikaa vizuri, maandishi yanafifia. Nimewaandikia walimu barua nyingi kuhusu shingo kuliko kuhusu miwani.

Baraza la Mitihani huwapa watahiniwa wenye uoni hafifu karatasi za maandishi makubwa, nalishukuru. Ila mwaka mzima kabla ya hapo mtoto alikuwa akigombania fotokopi iliyopauka na wenzake wawili, halafu tunashangaa kafeli.

Nami kituoni nauliza, "Kaka, hii ya wapi?" Konda ananitazama juu hadi chini. "Si imeandikwa hapo, dada!"

Ukinijua, niite jina na utaje lako. Kupunga mkono hakunifikii. Na mwalimu, mtoto huyo mweke mbele, dirisha liwe nyuma yake. Kofia mwachie hata darasani, ingawa si sare, maana mwanga mkali humuumiza macho hata akiwa ndani.