Je, wajua kwa nini nuni moja husomwa kwa njia nne?

Ukipita jirani na madrasa nyakati za jioni, iwe Mbeya mjini, Tukuyu au Mafinga, utawasikia watoto wakirudia sura fupi za Juzuu Amma, yaani sehemu ya mwisho ya Qur'ani, na ukisikiliza kwa makini utagundua kwamba herufi ya Kiarabu nuni, inayoandikwa kwa umbo lile lile, mahali fulani hutamkwa wazi, mahali pengine humezwa na herufi inayoifuata, mahali pa tatu hugeuka kuwa mim, na mahali pa nne hubaki mlio wa puani tu. Wapo wanaodhani kuwa hayo ni mapambo ya sauti yaliyoongezwa ili kisomo kipendeze. Sivyo. Kanuni za tajwidi, yaani elimu ya kuisoma Qur'ani kwa matamshi sahihi, zimefuata namna kinywa kinavyofanya kazi, na hakuna herufi inayolidhihirisha jambo hilo vizuri kuliko nuni.

Tunazungumzia nuni sakina, yaani isiyo na irabu, pamoja na tanwini, ambayo hutamkwa kama nuni ingawa haiandikwi kwa herufi hiyo. Nuni hutokea pale ncha ya ulimi inapogusa ufizi wa meno ya juu, na kinachoamua hukumu yake ni umbali kati ya hapo na mahali inapotokea herufi inayofuata, ambapo wataalamu hupaita makhraji. Hamza, he, ain, ha, ghaini na kha hutoka kooni, mbali kabisa na ncha ya ulimi, kwa hiyo nuni haisumbuliwi nazo: husomwa wazi, na hiyo ndiyo idh-har, kama ilivyo katika "an'amta" ya Suratul Fatiha. Herufi sita nyingine, zinazokusanywa katika neno "yarmaluna", ama ni jirani wa nuni ama zinashirikiana nayo sifa, hivyo nuni huingia ndani yake, na hii ni idgham. Katika Suratuz Zilzala "faman ya'mal" husikika "famay ya'mal" pamoja na ghunna, yaani mlio wa puani. Lakini katika Suratul Ikhlas "yakun lahu" husikika "yakul lahu" bila ghunna yoyote, kwa kuwa lamu iko karibu mno na nuni na inaimeza yote. Herufi kumi na tano haziko mbali wala karibu. Hapo ulimi haukiti kwenye ufizi, nuni hufichwa na ghunna huvutwa kwa kadiri ya harakati mbili, yaani muda wa kutamka irabu fupi mbili, kama katika "min sharri" ya Suratul Falaq, na jina lake ni ikhfa. Inabaki ba peke yake, na mbele yake nuni hugeuzwa mim: "layunbadhanna" ya Suratul Humaza husomwa "layumbadhanna". Hiyo ni iqlab.

Lipo jambo ambalo kwa maoni yangu lingepaswa kufundishwa siku ya kwanza, nalo ni kwamba mtoto wa Iringa au Mbeya amekwisha kuitumia iqlab tangu alipoanza kusema. Wingi wa ulimi ni ndimi na wingi wa udevu ni ndevu, lakini wingi wa ubao si "nbao", ni mbao. Wingi wa ubavu ni mbavu. Midomo inayojiandaa kufunga kwa ajili ya b huivuta n iwe m, na haikuhitaji mwalimu wa kuiamrisha. Tofauti ni kwamba mbao hutamkwa haraka, ilhali msomaji wa Qur'ani hana budi kuikalia ghunna kwa harakati mbili, na wanafunzi wengi huteleza katika muda huo.

Ugumu halisi uko kwingine. Kiswahili kina h moja, wakati Kiarabu kina mbili zinazotoka sehemu tofauti za koo. Ain, swad na dhwad hazimo katika matamshi yetu ya kila siku. Tena silabi za Kiswahili, kama za Kinyakyusa, Kihehe na Kibena, kwa kawaida huishia kwa irabu, ndiyo maana "kitab" ilipofika kwetu ikawa kitabu. Mwanafunzi anayesimama kwenye "ahad" hushawishika kuongeza irabu ndogo mwishoni. Kanuni ya qalqala inamtaka aiachilie dal kwa mtikisiko mfupi usiofikia kuwa irabu, kwa sababu herufi tano za kundi hilo, yaani qaf, twa, ba, jim na dal, huzuia sauti na pumzi kwa pamoja, na zisipotikiswa hazisikiki sawasawa.

Wanazuoni hutofautisha makosa. Anayesoma "an'amtu" badala ya "an'amta" amegeuza "umewaneemesha" kuwa "nimewaneemesha", na hilo ni kosa la wazi, lahn jalii. Anayepunguza ghunna hajabadili maana, na kosa lake huitwa lahn khafii, yaani lililofichika. Ibnul Jazari, mwanazuoni wa kisomo aliyezaliwa Damascus mwaka 1350 na kufariki Shiraz mwaka 1429, aliandika katika utenzi wake maarufu kwamba kuishika tajwidi ni lazima. Hata hivyo, hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim inasema kwamba anayesoma kwa kukwamakwama na kwa taabu ana ujira mara mbili, na walimu hawachoki kuwakumbusha hivyo watu wazima wanaoanza wakiwa wamechelewa.

Msahafu wenyewe humsaidia msomaji. Katika chapa ya Madina, nuni ya idh-har huwekewa sukuni, alama ya herufi isiyo na irabu, ya iqlab huwekewa mim ndogo juu yake, na ya ikhfa huachwa tupu bila alama. Lakini alama haielezi ulimi ukae wapi katika ikhfa, na mahali penyewe hubadilika kulingana na herufi inayofuata, kama vile n ya "nguo" isivyotamkwa mahali pamoja na n ya "ndoo". Ndiyo sababu kisomo hupokewa kinywa kwa kinywa: mwalimu husoma, mwanafunzi hurudia, na anapokosea husimamishwa papo hapo na kurudishwa mwanzo wa aya.