Ubunifu wa biashara huanza kabla ya kikao

Kampuni ikiniita niisaidie timu yake kufikiri kwa ubunifu, mara nyingi nakuta ukumbi umeshaandaliwa: ubao mkubwa, kalamu za rangi, watu wakisubiri mawazo yamiminike. Huwa naomba kikao kisogezwe mbele, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika kabla watu hawajakutana.

Kwanza tulichunguze swali lenyewe. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Malcolm McLean, Mmarekani aliyekuwa na kampuni ya malori. Katika miaka ya 1950 shehena ilipakiwa kwa mikono, gunia kwa gunia, pipa kwa pipa, huku meli imekaa gatini siku kadhaa. Wenye meli waliona kazi yao ni kuendesha meli. McLean aliona kazi ni kuufikisha mzigo, basi akahoji: kwa nini uguswe mara zote hizo, ilhali kasha zima laweza kunyanyuliwa kutoka kwenye lori na kuwekwa melini? Tarehe 26 Aprili 1956 meli yake, Ideal X, iliondoka Newark kwenda Houston ikiwa na makontena 58. Kupakia tani moja kwa mikono kuligharimu dola 5.86; kwa njia yake, kama senti 16. Na makasha ya mizigo hakuyavumbua yeye, yalishatumika kwenye reli. Alichokuja nacho ni swali ambalo wenye meli hawakuwa wakijiuliza.

Ndiyo maana nawataka wateja wangu waandike upya tatizo lao, tena na tena. "Tuongezeje mauzo?" ni swali pana mno, halishikiki. "Aliyenunua mara moja, nini kinamzuia kurudi?" tayari lina pa kuanzia. Ila linalochokonoa zaidi ni hili: "Ni usumbufu gani mteja anauvumilia kwa sababu tu sisi tumeuzoea?" Hapo ndipo watu wa mapokezi na wa stoo huanza kuzungumza, na wao ndio wanaojua.

Swali likishakaa sawa, kila mtu aandike majibu yake peke yake. Alex Osborn, mtu wa matangazo ya biashara, alieneza katika kitabu chake cha mwaka 1953 kanuni za kutoa mawazo kwa pamoja: yawe mengi, na yasihukumiwe mapema. Kanuni hizo nazitumia hadi leo. Lakini mwaka 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walilinganisha makundi ya watu wanne waliokaa pamoja na watu wanne waliofikiri kila mmoja kivyake. Waliojitenga, mawazo yao yalipojumlishwa na yaliyojirudia kuondolewa, walipata karibu maradufu.

Sababu yake naiona kila mara. Mmoja akizungumza, wengine wanasubiri zamu, na wazo linayeyuka. Meneja akitangulia kusema, walio chini yake wanaanza kupamba wazo lake. Kwa hiyo naanza na robo saa ya kimya. Karatasi hazina majina, zinakusanywa, zinasomwa zote kwa sauti. Meneja anachangia wa mwisho. Hapo sasa kikao kina kazi ya maana: kuunganisha vipande, kupingana kwa hoja, na kuchagua wazo moja la kujaribiwa kwa wateja wachache kabla halijatengewa bajeti.