Tundu ni la ini, mbona nesi anauliza bega?

Mgonjwa ametolewa kipande cha ini kwa sindano ili kipimwe (biopsi), na plasta yenyewe haizidi ukubwa wa stempu. Daktari ameifuata sindano kwenye skrini ya ultrasaundi, imeingia kati ya mbavu na kutoka, na kinyama chembamba kama uzi kimetiwa kichupani kiende maabara. Basi kwa nini mgonjwa analazwa kwa saa kadhaa, tena kwa ubavu wa kulia, na kuinuka hataruhusiwa?

Sababu ni damu. Ini hupitiwa na takriban lita moja na nusu ya damu kila dakika, karibu robo ya damu yote inayosukumwa na moyo. Likivuja, huvujia ndani ya tumbo, na plasta hubaki kavu. Kwa kuwa ini liko kulia, ukililalia uzito wako hulibana kwenye mbavu na tundu likazibika, kama unavyobana kidole kilichokatwa na kisu cha samaki.

Saa za kwanza ndizo zenye hatari zaidi. Ndiyo maana nesi huja kila baada ya dakika 15 hivi mwanzoni, vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, macho kwenye saa. Damu ikipotea, moyo huenda mbio kwanza ili presha isishuke. Ukingoja presha ianguke, umechelewa.

Kisha lile swali: “Mama, bega la kulia lauma?” Si upuuzi. Neva ya kiwambo, ule msuli uliolala juu ya ini, hutoka shingoni karibu na neva za bega. Kiwambo kikichokozwa, ubongo hudhani ni bega. Maumivu kidogo ni kawaida, na paracetamol hutosha. Aspirini na ibuprofen ziache, hupunguza uwezo wa damu kuganda. Maumivu yakizidi, ukaona kizunguzungu au tumbo likakaza, mwite nesi papo hapo.

La mwisho ni “Walala wapi leo?” Hapo mtu wa Faza aliyepewa rufaa ya Mombasa hujibu kwa haraka kuwa anarudi kwao. Asirudi. Usiku wa kwanza alale karibu na hospitali, na mtu wake pembeni. Faza iko kisiwani Pate, Lamu, na kutoka huko ni kwa boti. Tumbo likianza kukaza usiku wa manane, atatokaje?

Na kubeba dumu la maji la lita 20 kungoje wiki nzima, hata kama wajukuu wa kukusaidia hawako karibu.